Nyuzi za Besi Tulizozitupa

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia akinitaka nichangie makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani, nadhani alitaraji nieleze habari za ujenzi wa mabweni au nipange orodha ya walimu wakuu. Wapo wenzangu wanaoyajua mambo hayo kuliko mimi. Mimi nimechagua kueleza habari ya nyuzi nne za gitaa la besi. Ni habari ndogo, lakini ndani yake limo kosa ambalo mimi na wenzangu watatu tulilitenda tukiwa Kidato cha Tatu, na ambalo hatukulikiri hadharani mpaka leo. Wenzangu wawili wameniruhusu niliandike. Wa tatu hatunaye tena duniani.

Waliosoma shuleni kwetu kabla ya mwaka 2000 wataikumbuka stoo ya vyombo vya muziki nyuma ya bwalo. Mlikuwa na gitaa la solo lililopungukiwa nyuzi mbili, dramu, tumba moja iliyopasuka, amplifaya iliyokoroma kama mgonjwa wa pumu, na besi. Besi hiyo shule iliinunua mwaka 1974 kutoka kwa bendi moja iliyovunjika. Rangi yake nyekundu ilikwisha babuka, na jina la kampuni lililoandikwa kichwani lilifutika kabisa. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mwalimu wetu wa muziki, ambaye sasa ni marehemu. Hakuwa mkali, lakini alikuwa na sharti moja alilolirudia kila alipotukabidhi besi ile: "Pigeni mpendavyo, lakini nyuzi msiziguse."

Sisi tulikuwa vijana wa mwaka 1996. Tulikuwa tukisikiliza kaseti za muziki wa Kongo na wa Marekani ambamo besi ililia kama kengele, kila noti ikimeta. Besi ya shule haikumeta hata kidogo. Ilisema "dum", ikanyamaza, kama mtu apigaye mto kwa ngumi. Tena nyuzi zake zilikuwa laini kama kioo, hazina mikwaruzo kama nyuzi za magitaa mengine. Tukafanya hesabu yetu ya kitoto: nyuzi hizi zina umri kutuzidi sisi, vidole vya watu vimezisugua mpaka zikalika, na mzee hataki kuzibadilisha kwa sababu ya ubahili. Tukachanga fedha, na mwenzetu mmoja akanunua nyuzi mpya Kariakoo wakati wa likizo.

Usiku wa kuamkia Siku ya Wazazi tulizikata nyuzi zote nne kwa koleo la karakana, tukazitupa katika shimo la takataka, tukafunga zile mpya. Kesho yake besi ililia kama sufuria iliyoangushwa sakafuni, na wanafunzi wenzetu wakashangilia. Mwalimu alikuwa ameketi safu ya mbele pamoja na wageni. Kabla ya wimbo wa pili alisimama, akatoka nje ya bwalo. Jumatatu akatuita.

"Nyuzi za besi ziko wapi?"

"Zilikatika, Mwalimu," nilijibu mimi.

"Zote nne?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitutazama kwa muda, akachukua ufunguo wake, akaenda zake. Hakutuadhibu, wala hakulizungumza tena jambo hilo mpaka tulipomaliza shule. Laiti angetuchapa, labda tungesahau.

Basi miaka ikapita. Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa serikalini, nikapanga nyumba Sinza, na mpaka leo ni mkazi wa huko. Kwa wale wasioifahamu, Sinza haikuota yenyewe kama uyoga. Katika miaka ya 1970, serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kupeleka barabara na maji, kisha mwananchi akaachiwa ajenge mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Ndivyo zilivyopatikana Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wakati ule Sinza ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Siku hizi imo katika Manispaa ya Ubungo.

Sinza pia ni mtaa wa muziki. Kipo kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, na kila siku maelfu ya watu hulitamka jina hilo bila kukumbuka kwamba ni la mwanamuziki. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Alifariki tarehe 13 Desemba, 2010. Jina la Matimila lenyewe lilitokana na mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vya bendi. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini: katika muziki wetu wa dansi, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi.

Jumapili moja alasiri, mwaka 2018, nilikuwa nimekaa barazani nikisoma gazeti. Kutoka nyumba ya pili nikasikia sauti: dum, dum-dum, kimya, dum. Nilidhani ni redio inayopiga zilipendwa. Lakini redio haisimami katikati ya wimbo ikarudia mahali ilipokosea. Nikaweka gazeti chini, nikaenda kupiga hodi.

Mwenye nyumba ni mzee ambaye tulikuwa tukisalimiana tu njiani. Sikuwa najua kwamba katika ujana wake alipiga besi katika bendi mbili za jijini. Jina lake silitaji, kwa kuwa ameniomba hivyo. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, besi mapajani, na amplifaya ndogo miguuni pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kelele zimekusumbua?"

Nikamwambia la, nimevutwa nazo. Akanipa besi niishike. Nilipopitisha kidole juu ya uzi mnene wa juu, mwili ulinisisimka. Ulikuwa laini kama kioo. Haukukwaruza, haukupiga mluzi.

"Mzee," nikasema, "nyuzi hizi zimelika kwa uzee?"

Akacheka. "Hazikulika, mwanangu. Zimezaliwa hivyo."

Ndugu wasomaji, nilikaa kimya. Nilikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, nina shahada ya chuo kikuu, na siku ile ndiyo nilipoelewa tulichokitupa katika shimo la takataka mwaka 1996.

Sasa nieleze kwa utaratibu. Uzi wa besi si waya mmoja. Ndani yake una kiini cha chuma, na juu ya kiini huzungushwa waya mwingine ili uzi uwe mzito na uweze kutoa sauti nzito. Uzi mnene kuliko wote, ukiachwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Tofauti imo katika ule waya wa kuzungushia. Ukiwa wa mviringo, uzi huwa na matuta matuta, na ndio uzi wa mviringo. Ukiwa ni utepe bapa, mizunguko hulala sawasawa kama vigae vilivyopangwa vyema, na ndio uzi bapa. Uzi wa mviringo hutoa pamoja na sauti ya msingi sauti nyingi nyembamba za juu, ndiyo maana humeta na kuvuma kwa muda mrefu. Uzi bapa hutoa sauti ya msingi kwa wingi, na zile nyembamba hufa upesi. Kwa hiyo "dum" yetu haikuwa ugonjwa wa besi. Ilikuwa ndiyo sauti yake.

Asili ya sauti hiyo ni ya zamani kuliko gitaa lenyewe. Kabla ya besi ya umeme ilikuwapo besi kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mtu, ambayo nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama. Mlio wake ulikuwa mzito na mfupi. Mwaka 1951, huko California, Marekani, Leo Fender alianza kuuza besi ya umeme yenye umbo la gitaa, akaiita Precision Bass, kwa sababu vyuma vya shingoni vilimwezesha mpigaji kupata noti kamili bila kubahatisha. Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Besi za umeme za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kawaida zilitoka kiwandani zikiwa na nyuzi bapa, na besi za Fender ziliwekewa pia kipande cha sponji chini ya kifuniko, mahali nyuzi zinapofungwa, ili mlio usivume. Maana yake ni kwamba watengenezaji waliitaka besi mpya ilie karibu na ile kubwa ya zamani.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1966, Uingereza, wakati John Entwistle wa kundi la The Who aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound kupata nyuzi za mviringo zenye mlio mkali kama wa piano. Vijana wengi wakazipenda, na taratibu nyuzi bapa zikaonekana kuwa za wazee. Lakini si wote waliohama. Huko Detroit, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown akitumia nyuzi bapa na kidole kimoja cha shahada. Nyuzi zake hakuzibadilisha ila zilipokatika. Alianzia kwenye besi ya kusimama kabla hajashika ya umeme. Dunia nzima ilicheza kwa kidole kile, lakini jina lake na ya wenzake hayakuandikwa katika santuri kubwa ya Motown mpaka mwaka 1971, ilipotoka ile ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Jamerson alifariki mwaka 1983.

Tuje kwetu. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baada ya uhuru bendi nyingi zikawa mikononi mwa mashirika na jumuiya. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi iliundwa mwaka 1964, baadaye ikaitwa JUWATA, halafu OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua mwaka 1983, ndiyo Sikinde. Maquis du Zaire walikuwa na mtindo wao wa Kamanyola. Sababu kubwa ya bendi kumilikiwa na mashirika ilikuwa vyombo. Gitaa, amplifaya na spika vilitoka nje, vilihitaji fedha za kigeni, na mwanamuziki wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuvipata.

Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi zilizotaka kutoa sahani zilikwenda Nairobi, na huko ndiko mzee wangu wa Sinza alikonunua nyuzi bapa mwaka 1976, katika safari ya bendi yake. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Nyuzi zile zilimtosha kipindi chote hicho. "Nilizifuta kwa kitambaa kikavu kila usiku baada ya dansi," aliniambia, "kama mtu anavyofuta bunduki."

Niliposikia hayo, nilikwenda mbio na maelezo yangu. Nikamwambia: kwa hiyo besi yote ya zilipendwa tunayoisikia katika kanda za Redio Tanzania ni ya nyuzi bapa! Akatikisa kichwa.

"Wewe unaandika haraka. Wengine hawakuwa nazo. Walikuwa na za mviringo zilizochoka. Jasho na vumbi huingia katikati ya matuta, mlio unakufa. Tulikuwa tukizichemsha katika sufuria, zinafufuka siku tatu, halafu zinakufa tena. Ukisikia redioni hutajua ipi ni ipi. Halafu unasahau kidole. Besi ya dansi haijazi kila mahali. Inasema neno, inaiachia tumba ijibu. Ukiweka uzi unaovuma, ile nafasi inajaa maji."

Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, nami nimezoea kuandika taarifa ambamo kila tokeo lina sababu moja iliyonyooka. Mzee alinifundisha kwamba sauti ya besi yetu ilikuwa na wazazi wengi: nyuzi bapa kwa wenye bahati, uchakavu kwa wasio na bahati, mpaka uliofungwa, na ustadi wa kunyamaza. Ongeza na studio za Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ambako bendi zilipiga zote kwa pamoja na kurekodiwa katika utepe. Katika wimbo wa dansi, sehemu ya kwanza huwa ya kuimba pole pole, kisha hufuata chemko. Sikiliza besi wakati chemko linapoanza. Magitaa huruka juu, tarumbeta hupaza, lakini besi hubaki pale pale, fupi na nzito, kama mtu mzima aliyekaa na watoto wanaocheza. Na mtangazaji akimaliza alitaja bendi na mtunzi. Mpiga besi alitajwa kwa nadra. Kwa hilo Detroit na Dar es Salaam zilikuwa ndugu.

Nilimsimulia mzee kosa letu. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Mlizikata zote kwa mara moja?" Nikasema ndiyo. Akasikitika kwa ulimi. "Hapo mliitendea shingo vibaya. Nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, shingo isishtuke."

Mwaka 2019, kabla ya mkutano wetu wa mwaka ule, nilimwagiza ndugu yangu aliyeko ng'ambo seti moja ya nyuzi bapa, nikaja nazo shuleni. Besi ilikuwa bado stoo. Nyuzi zetu za 1996 zilikuwa zimeota kutu, mmoja umekatika, na shingo imepinda. Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliikaza shingo kwa kile chuma kilichomo ndani yake, akaiacha itulie majuma mawili, ndipo tukafunga nyuzi, mmoja mmoja.

Katika safari hiyo nilifika nyumbani kwa mjane wa mwalimu wetu. Mwalimu alifariki mwaka 2009, nami sikuwahi kumwomba radhi. Nilimweleza mama yule mambo yote tangu koleo mpaka uongo wangu. Akanisikiliza, kisha akatabasamu.

"Alijua, baba. Alirudi nyumbani siku ile akasema, nyuzi nne hazikatiki siku moja. Zilikuwa zake mwenyewe. Alizitoa katika besi aliyokuwa akiipiga kabla ya kwenda chuo cha ualimu, akazifunga katika ile ya shule. Besi yake aliiuza, lakini nyuzi hakutaka kuziuza."

"Mbona hakutuambia?"

"Alisema mlikuwa waongo, lakini mlikuwa mkifika mazoezini mapema kuliko wote. Hakutaka kuwafukuza katika muziki."

Sikuwa na neno la kujibu. Nimelibeba jibu lile tangu siku hiyo, na nimeliandika hapa ili wenzangu tulibebe pamoja.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa, hili ni lenu zaidi kuliko letu. Sisemi kila kitu cha zamani ni bora. Nyuzi za mviringo zina kazi yake, na mpigaji anayetaka mlio unaometa asione haya kuzitumia. Sisemi pia kwamba msiwe na mashaka na wazee wenu. Ninachosema ni hiki: kabla hamjatupa, ulizeni. Swali moja tu, "Mwalimu, kwa nini nyuzi hizi ni laini?" lingetupa somo la historia ambalo mimi nilikuja kulipata Sinza baada ya miaka 22. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tuliukata kwa koleo.

Besi ipo katika chumba cha muziki, si stoo tena. Atakayefika mkutanoni aiombe aisikie. Ndani ya sanduku lake nimegundisha karatasi yenye maneno ya mwalimu wetu kama alivyoyasema, na chini yake nimeongeza sentensi moja: "Ukitaka kujua sababu, uliza." Seti ya pili ya nyuzi nimemkabidhi mwalimu wa muziki wa sasa, pamoja na kitambaa kikavu.